Klabu ya vijana Malindi: wanachama 34, kazi inafanywa na sita

Mlezi_Barani ameuliza:

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Naomba ushauri wa wanaozijua klabu za huduma za vijana kwa ndani. Hii ni shule ya kutwa, ya mchanganyiko, hapa Malindi. Waliojiandikisha ni 34, umri miaka 14 hadi 18. Kikao kikiitwa wanakuja kumi na tano, na kazi yenyewe inawaangukia sita, wale wale kila siku. Muhula uliopita walisafisha ufuo mara mbili na kuwapelekea wazee unga na sabuni mara moja. Picha zipo tele. Ila mwenyekiti hawezi kuendesha kikao mwalimu asipomnong'oneza, katibu hana ukurasa hata mmoja wa kumbukumbu, na mweka hazina ni jina tu kwa sababu pesa zote anashika mlezi.

Nia ni vijana watoke na ujuzi, si fulana. Kuna wanaosema tuingie Interact, wengine Leo, wengine Tuzo ya Rais. Tofauti ni ipi hasa, na je, lazima kuchagua moja? Tena tunafikiria kambi ya uongozi ya siku tatu likizo ya Agosti, vijana 40 pamoja na wageni wa shule jirani. Ratiba iweje, chakula kiasi gani, hatari ziko wapi? Kumbukeni wengi wana madrasa Jumamosi na Jumapili asubuhi, kwa hiyo nafasi ni finyu.

---

Katibu_Mkongwe amejibu:

Waaleikum salaam, mwalimu. Tuanze na majina, maana hapo ndipo shule nyingi hupoteza mwaka mzima.

Interact ni ya Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za huduma za watu wazima; umri wake 12 hadi 18. Ilianza 1962 katika shule moja ya sekondari mjini Melbourne, Florida. Shule haiwezi kuianzisha peke yake. Lazima klabu ya Rotary iidhamini na iteue mtu wake wa kuifuatilia, nayo shule itoe mlezi. Masharti ya kazi ni mepesi kuyataja: angalau miradi miwili kwa mwaka, mmoja wa kusaidia shule au jamii, mwingine wa kujenga maelewano kati ya mataifa. Huo wa pili ndio hubaki kwenye makaratasi. Wala hauhitaji tiketi ya ndege. Vijana wa Malindi wanaweza kuandikiana kwa miezi mitatu na klabu ya nchi nyingine juu ya jambo moja tu, tuseme nyavu zilizotupwa baharini, kisha kila upande uwaeleze wenzake unavyokabiliana nalo.

Wakimaliza shule wanahamia Rotaract, iliyoanza 1968. Kuanzia miaka 18, na kikomo cha juu cha miaka 30 kiliondolewa Julai 2020. Waambieni mapema, vinginevyo kijana mliyemfunza miaka mitatu anapotea wiki ile ile anayovua sare.

Leo ni ya Lions, mtandao mwingine wa aina hiyo, na ilianzia Pennsylvania mwaka 1957. Ina ngazi mbili: Alpha ya miaka 12 hadi 18, Omega ya 18 hadi 30. Nayo hudhaminiwa, na klabu ya Lions. Kwa kijana wa kawaida, tofauti ya Interact na Leo ni nembo na nani anakuja kuwatembelea. Basi chagueni mdhamini, msichague jina. Ulizeni swali moja kabla ya kutia sahihi: nani, kwa jina lake, atakuja shuleni mara moja kila mwezi? Wakisema "tutatuma mtu", endeleeni kutafuta.

Tuzo ya Rais ni kitu kingine kabisa. Ipo Kenya tangu 1966, si klabu, na anayeshiriki anajishindania mwenyewe, si na mwenzake. Umri 14 hadi 24, ngazi tatu: shaba, fedha, dhahabu. Kila ngazi ina sehemu nne: huduma, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya kujasiri; dhahabu ina ya tano juu yake. Shaba huchukua miezi sita kwa uchache: miezi mitatu katika kila moja ya zile tatu za mwanzo, na moja kati yake inaongezwa mitatu mingine. Safari yake ni siku mbili na usiku mmoja, kikundi cha watu wanne hadi saba, na kabla yake ipo safari ya mazoezi. Shule lazima iwe kituo kilichokubaliwa, chenye kiongozi wa Tuzo aliyefunzwa.

Kwa hiyo hakuna kuchagua kati ya klabu na Tuzo. Kijana anafanya huduma kupitia klabu na anaiandika kwenye rekodi yake ya Tuzo. Ila tahadhari moja: kipimo ni wastani wa saa moja kila wiki, mfululizo. Kijana anayesafisha ufuo kwa muda wa saa sita siku moja kisha akajaza wiki sita, rekodi yake itarudishwa. Safari ya Arabuko-Sokoke inawafaa sana watu wa huku, lakini ule ni msitu wenye tembo. Kibali na askari wa msitu kwanza, ramani baadaye.

Sasa hao sita. Mwalimu, si kwamba 28 ni wavivu. Mna watu 34 na viti vitano vya uongozi, waliobaki wamekuja kutazama. Gawa wote kwenye kamati tano za watu sita au saba: huduma, fedha, habari, wanachama, na uhusiano na klabu za nje. Kila kamati ipewe kitu kimoja cha kumaliza, chenye tarehe na chenye kuonekana. "Kamati ya habari ishughulikie habari" haimpi mtu kazi. "Kamati ya habari ibandike bango la mradi, nakala 12, kufikia Alhamisi tarehe 14" inampa, na asipofanya kila mtu ataona ukuta mtupu.

Kikao kiwe dakika 60, kamwe kisizidi. Dakika 5 kufungua na kuhesabu akidi, 10 kupitia kazi za wiki iliyopita, 25 jambo moja kubwa la siku, 10 kugawa kazi mpya, 5 mafunzo mafupi, 5 za mwisho ndizo za mlezi. Nje ya hizo tano mlezi hafungui mdomo. Akae nyuma ya darasa, nyuma kabisa, si kando ya mwenyekiti, kwa sababu akikaa mbele kila anayezungumza anamtazama yeye. Mnong'ono uhamie siku ya kabla: mlezi na mwenyekiti wakae robo saa, wapitie ajenda, mwenyekiti aandike kwa mkono wake atakavyofungua kila jambo. Kikao kikikwama, kikwame. Kimya cha dakika mbili kina funzo lake.

Kumbukumbu za kurasa nne hakuna kijana atakayeziandika mara ya pili. Mpeni katibu ukurasa mmoja wenye safu tatu: kilichoamuliwa, nani atafanya, lini. Ubandikwe kabla ya saa 24 kwisha. Kikao kijacho kinaanzia hapo hapo kwenye safu ya pili, jina kwa jina.

Jambo la mwisho, kalenda. Mwaka wa Rotary huanza Julai mosi, mwaka wa shule Januari. Mkichagua viongozi wa kidato cha nne mwezi Julai, kufikia Oktoba wamezama kwenye mtihani na klabu haina nahodha. Chagueni walio darasa moja chini, uchaguzi uwe Juni, na wanaoondoka wabaki washauri hadi mwisho wa muhula.

---

Mhasibu_Majengo amejibu:

Niongezee kwenye fedha tu, kwa sababu mweka hazina asiyeshika senti hajifunzi kitu, na mlezi anayeshika zote siku moja atashukiwa hata akiwa malaika.

Pesa za wanachama chini ya miaka 18 zipitie akaunti ya shule, kwa sehemu yake maalumu. Asiachiwe mtoto kuzilaza nyumbani, wala zisiingie kwenye simu ya mwalimu. Lakini uamuzi wa kutumia uwe wa vijana. Inavyokwenda: kamati inajaza fomu ya maombi ya fedha yenye kazi, kiasi na tarehe. Mweka hazina anakagua kama imo kwenye bajeti, mwenyekiti anatia sahihi, mlezi anatia sahihi mwisho. Mlezi ana haki ya kukataa kwa sababu mbili tu: usalama, au pesa hazipo. Akikataa kwa sababu "wazo si zuri" amewarudisha pale pale.

Daftari la fedha liwe na safu sita: tarehe, maelezo, namba ya vocha, zilizoingia, zilizotoka, salio. Kila malipo yana namba yake, kuanzia 001. Risiti ikiwepo inabanwa nyuma ya vocha. Tuktuk na boda hawatoi risiti, na hapo ndipo hesabu za vijana huvuja, si kwa wizi bali kwa kusahau. Tengenezeni vocha yenu ndogo: safari ya wapi, kiasi, jina la dereva, sahihi yake, na sahihi ya kijana wa pili aliyekuwepo. Malipo ya M-Pesa, nakilini namba ya muamala papo hapo, msisubiri ujumbe ufutike.

Kila mwisho wa mwezi mtu asiye wa kamati ya fedha ahesabu pesa mbele ya mweka hazina na kulinganisha na salio. Ikipungua shilingi 40, iandikwe imepungua 40. Msifidie kimya kimya kutoka mfukoni, maana kijana akizoea daftari linalokaa sawa kwa uchawi, akiwa mkubwa atalifanya likae sawa kwa njia nyingine.

Bajeti ya mradi iongezwe asilimia 10 ya dharura. Na andikeni pia vitu mlivyopewa bure, kwa thamani yake ya sokoni. Mtu akiwapa mashua kwa siku, hiyo ni fedha, na mdhamini wa mwakani atataka kuiona.

Kama kikundi ni cha mtaani, si cha shule, na wanachama ni watu wazima, sajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Wanachama wasipungue 10, muwe na katiba na kumbukumbu za kikao cha kuanzisha. Klabu ya shule haina haja hiyo.

---

Mlezi_Barani ameandika:

Ahsanteni sana. Katibu, hilo la kukaa nyuma limenigusa. Swali dogo: vijana wanauliza posho ya chakula cha mchana siku za kazi. Na wakiachiwa kuchagua mradi wanasema tu "usafi wa ufuo" au "kupanda miti". Tuwaongoze vipi bila kuwachagulia?

---

Baharia_Langoni amejibu:

Salaam kutoka Lamu. Posho msianze. Chakula ndiyo, pesa mkononi hapana. Mkishalipa mara moja, siku isiyo na malipo haina watu. Pikeni, au kila mmoja alete cha kwao mle pamoja.

Kuhusu mradi: wanasema "usafi wa ufuo" kwa sababu ndio mradi waliouona. Kabla ya kupiga kura, wapelekeni mtaani wawili wawili, kila jozi iulize watu 10 maswali matatu: kipi kinakusumbua hapa kila wiki? Nani ameshajaribu kukitatua? Kilikwama wapi? Swali la tatu ndilo lenye mali. Wachanganye wanaoulizwa, si wazee wa baraza peke yao: mama muuza samaki, hamali, mwenye punda, mwalimu wa chuo (madrasa), mtoto wa shule ya msingi. Jozi kumi na mbili ni majibu 120. Yahesabiwe ubaoni kwa vijiti, kisha kila jambo lipimwe kwa vipimo vitatu: tunaliweza kwa miezi mitatu? Kuna mwenye mamlaka wa kulikubali? Tutajuaje kama limefaulu? Likikosa jibu la tatu, liwekeni kando kwanza.

Mkiishia ufuoni hata hivyo, si vibaya, ila ifanyeni kazi ya kufikiri. Kwanza maji. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, na pwani yetu maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hiyo inagongana na madrasa yenu. Lakini kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi siku ya nne au ya tano baada ya bamvua kuanza, kupwa kunafika saa nane mchana au karibu yake. Ufuo hautakuwa mpana kama siku ya bamvua yenyewe, ila unatosha na watoto wameshatoka chuoni. Kazi ya kupanga tarehe apewe kijana mmoja mwenye kalenda ya mwezi, na akikosea wakute maji yamejaa. Hatakosea tena.

Pili, msizoe tu. Tengeni mita 100 za ufuo, kamba kwa kamba, na takataka zigawanywe: chupa, vifuniko, ndara, nyavu na kamba, vipande visivyojulikana. Hesabuni na pimeni kila fungu kwa mizani, mwezi hata mwezi, mita zile zile. Baada ya mara nne mna takwimu za kumpelekea mwakilishi wa wadi, na kijana anayesimama mbele yake na namba zake mwenyewe hababaiki. Glavu kila mtu, gunia msijaze zaidi ya nusu maana plastiki yenye mchanga ni nzito, sindano na vioo ndani ya mtungi mgumu wenye kifuniko. Mwani uacheni pale pale, unashika mchanga. Kwenu msimu wa kusi unajaa ufuo mzima na vijana wataona ndio uchafu, wakatazeni. Na msichome kitu.

Kabla ya siku yenyewe jueni mzigo unakwenda wapi. Magunia yakibaki juu ya ufuo wiki mbili yanapasuka na kila kitu kinarudi baharini. Hapa kwetu plastiki ya ufuoni iliundiwa jahazi zima, Flipflopi, lililoshushwa majini 2018. Mfano huo mkiwaonyesha vijana wataanza kuuliza ndara zinauzika wapi badala ya zitupwe wapi.

Mikoko ndiyo inayowafedhehesha wengi. Kundi linakuja na bango, linachomeka miche 1,000 kwenye tope tupu lililo wazi, linapiga picha, na baada ya miezi sita hakuna hata mmoja. Sababu ni karibu ile ile kila mahali: walipanda chini mno, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu, pengine juu ya majani ya bahari ambako mkoko haukuwahi kuota. Mikoko nayo ina aina zake, na kila mti una jirani yake: mlilana husimama mbele upande wa bahari, nyuma yake mkoko wenyewe, kisha mkandaa, na mchu unavumilia juu kwenye chumvi kali. Tazameni kilichoota chenyewe hapo karibu, mpande hicho hicho. Mahali pasipo hata mche mmoja wa kujiotea, jiulizeni kwanza maji yamezibwa wapi. Mara nyingi kufungua mkondo kunatosha na kupanda hakuhitajiki.

Mbegu ya mkoko, ile ndefu kama kijiti, chukueni iliyokomaa, inayoachia kofia yake ikiguswa. Chomekeni theluthi moja kwenye tope, ncha iliyochongoka chini, nafasi ya mita moja. Kibali ni cha Shirika la Huduma za Misitu pamoja na chama cha jamii cha msitu wa pale. Halafu sehemu ya uongozi inaanza: zamu ya kuhesabu mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Mlipanda 400, mwezi wa sita ziko hai 260, hiyo ni asilimia 65, iandikwe ubaoni. Mradi wa siku moja unahitaji spika na fulana. Wa miezi kumi na miwili unahitaji katibu.

---

Bi_Kambi amejibu:

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa kambi. Nichukue hilo.

Mfano unaofuatwa sana ni RYLA, kambi ya Rotary ya kuwafunza vijana uongozi; ilianzia Queensland, Australia, 1959, na Rotary yote ikaichukua 1971. Ni ya miaka 14 hadi 30 na kwa kawaida siku 3 hadi 10. Lakini msichanganye watoto wa 14 na watu wa 28 katika bweni moja. Kambi yenu ibaki 14 hadi 18.

Siku tatu ni chache, basi kila siku iwe na kazi moja. Ya kwanza ni kujijua na kusikilizana, ya pili kupanga na kuamua, ya tatu kuzungumza hadharani na kuondoka na mpango ulioandikwa. Hotuba za wageni waalikwa zisizidi mbili kambi nzima, dakika 20 kila moja. Mgeni wa heshima akishika kipaza sauti saa nzima ameila siku.

Mazoezi hayahitaji vifaa vya dukani. Mkeka wa mita mbili kwa moja na nusu, vijana wanane juu yake, waugeuze upande wa pili pasipo mtu kukanyaga chini. Inachukua dakika 10 hadi 15. Baada yake kaeni dakika 25, ndiyo, zaidi ya mchezo wenyewe, kwa maswali matatu: nini kilitokea? Kwa nini kilitokea hivyo? Wiki ijayo klabuni utafanya nini tofauti? Anayeruka sehemu hii ameendesha michezo ya siku ya Idi tu.

Kiongozi wa kila zoezi apatikane kwa kura ya vikaratasi, la sivyo wenye sauti wataongoza yote. Yule mwenye sauti kubwa kuliko wote mpeni zoezi la kuongoza bila kusema neno. Na angalieni wasichana: mkilala kidogo tu, wamekuwa makatibu na wapishi wa kambi, wavulana wenyeviti. Zamu ya jikoni na zamu ya kuongoza ziandikwe kabla, kwa majina, sawa kwa sawa.

Kuzungumza hadharani: dakika mbili kila mmoja, bila karatasi, mada anaiokota kwenye kikapu. Vijana 40 wakisimama mmoja mmoja ni saa moja na nusu na wa mwisho hana msikilizaji. Gawa makundi manne ya kumi, yaendeshwe kwa wakati mmoja, dakika 40 mmemaliza pamoja na maoni ya wenzake.

Chakula, watu 45 pamoja na wasimamizi. Asubuhi mahamri na mbaazi: unga kilo 6 unatoa mahamri kama 135, matatu kila mmoja, mbaazi kavu kilo 3 zilizolowekwa usiku, nazi tano au sita. Pilau ya mchana: mchele kilo 7, nyama kilo 5, viazi kilo 3, vitunguu kilo 2. Siku ya maharagwe, kilo 4 kavu. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu kwa siku, yaani lita 405 kwa siku tatu, mitungi 21 ya lita 20. Kila mtu aje na chupa yake ya kujazia. Chupa za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye fuo na maeneo ya hifadhi tangu Juni 5, 2020, na haitapendeza klabu ya mazingira kukamatwa nazo.

Adhuhuri, alasiri na magharibi ziingie kwenye ratiba kama vipindi, si kama mapumziko ya dharura. Wakristo wapewe wakati wao pia.

Msimamizi mmoja kwa vijana 8 hadi 10, na bweni la wasichana lina wanawake wawili, si mmoja. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chumbani, hata kwa dakika tano, hata akiwa ustadhi au mfadhili. Barua ya mzazi iwe na namba mbili za simu, maradhi, dawa na chakula kisichomfaa, na irudi wiki moja kabla. Isiyorudi, mtoto haji. Hapo wasimamizi wengi hulegea siku ya safari kwa huruma.

Agosti bado ni kusi, bahari ya nje imechafuka, basi michezo ya majini iondoeni. Wageni wa kutoka visiwani wakivuka kwa mashua, jaketi la kuelea moja kwa kila kichwa, na nahodha ahesabiwe pia.

---

Mlezi_Barani ameandika:

Bi Kambi, Mungu akubariki, nilikuwa nimeweka hotuba tano. Picha je? Habari za kamati zote ni picha za watoto.

---

Bi_Kambi amejibu:

Hotuba tano, mwanangu! Punguza leo.

Picha za walio chini ya miaka 18 zinahitaji ridhaa ya mzazi, ndivyo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka, nanyi ichukueni kwa maandishi. Ongezeni mstari kwenye barua ile ile ya kambi, ndiyo au hapana, na wa "hapana" wavae utepe wa rangi mkononi ili mpiga picha awatambue bila kuuliza. Jina kamili na shule visiandikwe pamoja chini ya picha. Wale wazee mliowapelekea unga nao waombwe ruhusa kabla simu haijatoka mfukoni.

---

Katibu_Mkongwe amejibu:

La nyongeza kabla sijasahau. Mkipanga matembezi ya uhamasishaji barabarani na mabango, polisi waarifiwe kwa maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Barua aiandike katibu, aipeleke mwenyewe kituoni na mlezi akiwa nje mlangoni, na nakala igongwe muhuri.

Na Juni mkishachagua viongozi wapya, pawe na sanduku moja la makabidhiano: katiba, kumbukumbu zote, daftari la fedha lililofungwa na kusainiwa, namba za wadhamini na siku waliyopigiwa mwisho, maneno ya siri ya kurasa za mtandaoni, na karatasi moja ya mradi unaoendelea inayosema umefika wapi na hatua inayofuata ni ipi. Wa zamani na wapya wafanye vikao viwili pamoja, cha kwanza aongoze wa zamani, cha pili mpya. Neno la siri libadilishwe siku ya kikao cha pili.

---

Mhasibu_Majengo amejibu:

Na ufunguo wa sanduku usikae na mlezi.